Sura ya Nne: Wasio na Uti wa Mgongo ni Akina Nani?

Katika zoezi la kugawa wanyama mafungu mawili, wenye uti wa mgongo na wasio nao, kobe ndiye anayewaponza watoto wengi. Wanamwona amebeba gamba gumu, anajikokota, akiguswa anaingiza kichwa ndani. Basi wanamweka pamoja na konokono. Nyoka naye hupelekwa upande huohuo, akae na nyungunyungu, kwa kuwa hujikunja atakavyo na haonekani kuwa na mfupa wowote. Mtoto anayejibu hivyo ametumia macho yake vizuri. Kilichomkosesha ni kwamba jambo lenyewe limefichwa chini ya ngozi.

Ukitaka kumaliza ubishi wa kobe, tafuta gamba la kobe aliyekufa zamani, ligeuze, uchungulie ndani. Katikati, kutoka shingoni hadi mkiani, utaona mstari wa pingili zilizoshikamana na gamba, na kutoka kila upande wa mstari huo mbavu bapa zilizotanuka mpaka zikaungana. Gamba la kobe ni mbavu zake na mgongo wake mwenyewe, vikafunikwa kwa juu na magamba ya dutu ileile inayojenga kucha zetu. Hata mifupa ya mabega imo ndani ya mbavu, mpangilio usioonekana kwa mnyama mwingine yeyote aliye hai leo. Ndiyo maana kobe hawezi kulitoka gamba lake, awe mdogo wa shambani au mmoja wa wale majitu wa Aldabra wanaotunzwa kisiwani Changuu, Unguja. Konokono ni habari nyingine kabisa: gamba lake limetengenezwa na ngozi yake kwa madini ya chokaa, na ndani yake hakuna mfupa hata mmoja.

Nyoka hajikunji kwa kukosa mfupa. Anajikunja kwa kuwa nayo mingi. Pingili zake huanzia kama 200 na kwa aina nyingine hupita 400, kila moja ikicheza kidogo tu juu ya mwenzake, na michezo midogo hiyo ikijumlishwa ndiyo inayompa kuviringika. Mtoto wa binadamu huzaliwa na pingili 33, na baadhi huungana anapokua. Twiga, aliyebarikiwa shingo kuliko wanyama wote wa nchi kavu, ana pingili 7 tu za shingo, idadi ileile uliyo nayo wewe na aliyo nayo panya. Zake zimerefuka tu, kila moja ikifika sentimita 25 au zaidi. Karibu mamalia wote wanafuata hesabu hiyo ya 7, na ukiipata mara moja kichwani huwezi tena kumtazama twiga kwa jicho la zamani.

Uti wa mgongo, kwa hiyo, ni pingili zilizofuatana. Kila pingili ina sehemu nene ya kubeba uzito na tao lenye tundu. Matundu hayo yakipangana yanafanya mfereji mmoja, na ndani ya mfereji huo hupita mshipa mkuu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo. Mbele kabisa kuna fuvu. Si lazima kiunzi hicho kiwe cha mfupa: papa na taa hawana mfupa mwilini, chao chote ni gegedu, dutu ileile inayosimamisha sikio lako. Hata hivyo pingili wanazo, tena zimepangika vizuri, na kwa hiyo ni wenye uti wa mgongo bila shaka yoyote.

Faida ya kuwa na kiunzi ndani inaonekana vizuri zaidi ukimtazama asiyekuwa nacho. Kaa amevaa kiunzi chake nje. Nguo hiyo ikishakauka haiongezeki, naye mwili unaongezeka. Basi hana budi kuivua. Gamba hupasuka kwa nyuma, kaa akajivuta kinyumenyume taratibu, akichomoa miguu, vibano, macho, na hata utando uliofunika sehemu za ndani za utumbo. Anapotoka ni laini, anabonyea ukimshika, na asipojificha ataliwa na wa kwanza atakayempata. Hunywa maji, akafura, gamba jipya likagandia ukubwa huo mpya. Panzi, nge, kamba na jongoo wote wako katika taabu hiyo. Na kadiri mwili unavyokua, gamba la nje linakuwa zito kupita kiasi cha kubebeka juu ya ardhi. Yule kaa apandaye minazi, ambaye bado yupo kisiwani Chumbe karibu na Unguja, ndiye mkubwa wa jamii yake katika nchi kavu, naye hufika kilo 4 tu. Tembo, mwenye kiunzi kinachokua pamoja naye, hupita tani 5.

Mgawanyo huu ni wa zamani, ila haukuanza na mfupa. Aristotle wa Ugiriki, karne ya nne kabla ya Kristo, aliwagawa wanyama kwa damu: wenye damu na wasio nayo. Kwake damu ilikuwa nyekundu, hivyo pweza, kaa na wadudu wakahesabiwa kuwa hawana. Alikwisha kuona pia kwamba wote wenye damu wana uti wa mgongo, wa mfupa au wa gegedu, na mstari wake ulipita karibu palepale unapopita wetu. Carl Linnaeus wa Uswidi, katika toleo la mwaka 1758 la kitabu chake cha kupanga viumbe, aliweka madaraja sita ya wanyama: mamalia, ndege, amfibia (akiwatia humo na nyoka na mijusi), samaki, wadudu, na minyoo. Daraja la minyoo lilikuwa jaa. Konokono, pweza, jongoo bahari, viti vya pweza, minyoo ya tumboni, kila asiyejulikana pa kuwekwa alitupwa humo.

Mtu aliyeliinamia jaa hilo na kuanza kupanga ni Jean-Baptiste Lamarck, na kwa kazi hiyo nampa heshima kubwa kuliko anayopewa mara nyingi. Mwaka 1793, katikati ya vurugu za Mapinduzi ya Ufaransa, bustani ya mfalme jijini Paris iligeuzwa kuwa Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Asili. Kazi ya kufundisha elimu ya wanyama iligawiwa watu wawili. Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, kijana wa miaka 21, alipewa wanyama wakubwa waliopendwa. Lamarck, mtaalamu wa mimea aliyekuwa anakaribia miaka 50, akapewa wadudu na minyoo, fungu ambalo hakuna aliyeligombea. Angeweza kulipokea shingo upande. Badala yake alijifunza upya, akakaa na makasha ya makombe na chupa za spiriti, akawatenga buibui na nge kutoka kwa wadudu, akawatenga kaa na kamba, akawatoa minyoo wenye pete kutoka kwa minyoo wengine. Mwaka 1801 alichapisha kitabu juu yao, na jina alilowapa, wanyama wasio na pingili za mgongo, ndilo tunalotumia mpaka leo. Kazi yake kubwa ya juzuu saba ilitoka kati ya 1815 na 1822. Wakati wa juzuu za mwisho macho yalikuwa yamekufa, na binti yake ndiye aliyemwandikia. Alifariki mwaka 1829, maskini.

Jina alilolibuni Lamarck lilisaidia, na papo hapo likaacha kasoro inayowapotosha wanafunzi hadi leo. Linawataja wanyama hao kwa kitu wasichokuwa nacho. Ni sawa na kuwagawa watu wote wa dunia kuwa Wapemba na wasio Wapemba. Fungu la kwanza lina maana: watu wake wana asili moja. Fungu la pili lina Mchina, Mreno, Mmasai na mtu wa Makunduchi, ambao hawana la pamoja isipokuwa kwamba hawatoki Pemba. Tena huyo wa Makunduchi yuko karibu zaidi na Mpemba wa fungu la kwanza kuliko na Mchina aliyefungiwa naye.

Kwa wanyama hali ni hiyohiyo. Wenye uti wa mgongo ni ukoo wa kweli: samaki, vyura, mijusi, ndege na mamalia wote wanatokana na babu mmoja aliyeogelea baharini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Wasio na uti wa mgongo si ukoo. Wataalamu wanawapanga wanyama katika makundi makuu zaidi ya 30, na wenye uti wa mgongo ni sehemu tu ya kundi moja kati ya hayo. Kwa idadi nako tuko wachache. Aina za wanyama zilizokwisha kuelezwa zimepita milioni 1.5, wadudu peke yao wanafika kama milioni 1, na wenye uti wa mgongo wote kwa pamoja, kuanzia dagaa hadi nyangumi, hawazidi sana 70,000. Kitabu cha shule kikitenga sura tano kwa hao 70,000 na ukurasa mmoja kwa waliobaki, kinampa mtoto picha ya dunia iliyopinduliwa.

Wala kukosa uti wa mgongo si kukosa akili. Pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu, kwa kuwa inabeba oksijeni kwa shaba, siyo kwa chuma kama yetu. Ana seli za fahamu kama milioni 500, na nyingi zaidi zimo katika mikono yake minane, ambayo kila mmoja unaweza kupapasa na kuamua. Jicho lake limejengwa kwa unadhifu kuliko letu: mishipa ya fahamu inatokea nyuma ya utando unaopokea nuru, hivyo halina doa pofu. Wanawake wa Pemba na Unguja wanaotoka na mikuki wakati wa bamvua wanajua jinsi anavyoziba mlango wa pango lake kwa mawe na kubadili rangi mbele ya macho yao.

Sasa tuuangalie mstari wenyewe, pale unapodhaniwa kuwa mkali. Mwaka 1774 Peter Simon Pallas, Mjerumani aliyefanya kazi Urusi, alieleza kiumbe kidogo cha baharini, chembamba, kilichochongoka ncha zote mbili, akadhani ni jamii ya konokono asiye na gamba. Baadaye waliompasua walikuta mambo ya ajabu. Hakuwa na fuvu wala pingili. Lakini mgongoni alikuwa na mshipa mkuu wa fahamu, na chini ya mshipa huo kijiti kigumu chenye kunyumbulika kilichopita urefu wote wa mwili. Kijiti hicho kinaitwa notokodi. Nyama za ubavuni zikimvuta, notokodi inamzuia asijikunje kama kitambaa, na mwili unapiga maji kushoto na kulia. Alikuwa na mwendo wa samaki kabla ya kuwa na mifupa ya samaki.

Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kowalevsky alieleza jambo lililowashtua wenzake zaidi. Kwenye nguzo za gati na chini ya vyombo vilivyolala majini muda mrefu hujibandika vifuko laini vyenye matundu mawili, vinavyovuta maji tundu moja na kuyatoa tundu la pili. Ukikiminya kimoja kinakurushia maji. Havina macho, havina miguu, havitembei. Wengi waliviona kuwa jamii ya kombe. Kowalevsky alifuatilia mayai yao, akaona yanatoa kiluwiluwi mwenye mkia, na ndani ya mkia imo notokodi, na juu yake mshipa wa fahamu. Kiluwiluwi huyo huogelea muda mfupi, akajibandika kichwa kwenye mwamba, mkia ukanyweshwa mwilini pamoja na notokodi yake, akawa kifuko. Darwin aliitaja habari hii kwa furaha katika kitabu chake cha 1871 juu ya asili ya binadamu. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2006 uliongeza uzito: kati ya wanyama wote wasio na uti wa mgongo, vifuko hivyo vya gatini ndivyo ndugu zetu wa karibu kabisa.

Na sisi pia tulianza na notokodi. Katika wiki za kwanza tumboni, kiinitete cha binadamu huota kijiti hichohicho, nacho kinatoa ishara zinazosaidia kupanga seli za juu yake zinazojikunja na kuwa mfereji wa fahamu. Mfereji huo hujifunga katika wiki ya nne tangu mimba itunge, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito. Usipojifunga sawasawa kwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo sababu wanawake wanashauriwa kupata vidonge vya foliki asidi kabla ya kushika mimba, siyo baada ya kliniki ya kwanza tu. Baadaye pingili huizunguka notokodi na kuibana. Masalia yake hubaki katika ute mzito ulio katikati ya kila diski ya mgongo, ule unaochomoza diski ikipasuka na kumtesa mtu asiweze kuinama.

Ukitoka kwa wenye notokodi ukauliza nani anafuata kwa ujamaa, jibu linawashangaza wengi. Si pweza mwenye macho, si nyuki mwenye utaratibu wa mji. Ni jongoo bahari na kiti cha pweza. Jongoo bahari hana kichwa wala ubongo, anatambaa mchangani akila mchanga na kuutoa. Ila yai lake linapogawanyika na kuwa kimpira cha seli, kimpira hicho hubonyea mahali pamoja, na tundu la kwanza linalopatikana hugeuka kuwa njia ya haja, mdomo ukatobolewa baadaye upande mwingine. Kwetu ni hivyohivyo. Kwa konokono na wengi wa jamaa zake, mdomo ndio unaotokana na tundu lile la kwanza. Jeni nazo zimethibitisha ujamaa huo. Mchuuzi anayemkausha jongoo bahari kwa ajili ya soko la China ameshika mkononi ndugu yake wa karibu kuliko siafu anayemuuma mguuni.

Hata na siafu hatukuachana kabisa. Katika wadudu, kaa na nyungunyungu, mshipa mkuu wa fahamu unapita tumboni na moyo uko mgongoni; kwetu ni kinyume. Geoffroy, yuleyule aliyegawana kazi na Lamarck, mwaka 1822 alimlaza kambakoche chali akasema: sasa amepangika kama sisi. Walimcheka. Katika miaka ya 1990 watafiti wa nzi na vyura walikuta jeni zinazoamua upi uwe mgongo na upi uwe tumbo ni zilezile kwa wote wawili, ila zinafanya kazi pande zilizopinduana.

Na wapo wenye uti wa mgongo ambao uti wenyewe karibu haupo. Desemba 1938, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji wa East London alimkuta katika shehena ya meli ya uvuvi samaki wa buluu mwenye mapezi kama viganja. Alikuwa silikanti, wa ukoo uliodhaniwa umetoweka tangu zama za dinosaria. Baadaye walipatikana Komoro, na mwaka 2001 mmoja akavuliwa karibu na Malindi. Kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, walianza kuwatoa katika nyavu za jarife zilizotegwa maji ya kina, mpaka serikali ikatangaza hifadhi ya bahari kwa ajili yao mwaka 2009. Samaki huyo hufika karibu mita 2 na kilo 90. Ukimpasua mgongoni hukuti pingili nene zilizopangana kama za changu. Unakuta bomba la notokodi, nene, limejaa majimaji, linalodumu naye maisha yote. Tunamhesabu miongoni mwa wenye uti wa mgongo kwa fuvu lake, kwa taya zake, kwa matao madogo yanayolinda mshipa wa fahamu, na zaidi ya yote kwa ukoo wake.

Kamongo wa Ziwa Victoria naye hubaki na notokodi yake mpaka uzeeni. Anapumua kwa mapafu, na kiangazi kikikausha maji hujifukia matopeni akangoja mvua. Usomaji wa jeni za silikanti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kati ya samaki walio hai, jamii ya kamongo ndiyo iliyo karibu zaidi na wanyama wa miguu minne, ikimpita hata silikanti. Sato na sangara wanaolala na kamongo katika beseni moja mwaloni wako mbali naye kiukoo kuliko mtu anayesimama hapo kumnunua.